Mabano kwanza, begi baadaye: kisa cha mizigo kwenye krusa ya cc 650

Kisa hiki kinahusu krusa, yaani pikipiki ya kiti cha chini, ya cc 650 yenye silinda mbili, cheni upande wa kushoto, na mabomba mawili ya ekzosi upande wa kulia, moja juu ya jingine. Mwenyewe anaiendesha kila siku kwenda kazini akiwa na kompyuta mpakato, koti la mvua na chakula. Wikiendi mara nyingine anapakia abiria. Mara chache kwa mwaka anasafiri siku tatu au nne, ama peke yake ama na abiria huyohuyo. Alikuwa ameshapenda mabegi mawili ya ngozi ya lita 25 kila moja, yale ya kutandazwa juu ya kiti yakaning'inia kushoto na kulia, pamoja na boksi la lita 40 la kufungwa kwenye keria ya nyuma. Alitaka kujua kama vitakaa.

Havikai, na ubora wa mabegi hauhusiki. Krusa ni ngumu kupakia kuliko inavyoonekana. Kiti kiko chini, kwa hiyo nafasi kati ya kiti na ekzosi ni ndogo. Shokapu za nyuma ziko nje, moja kila upande, palepale begi linapotaka kulala. Indiketa zimechomoza kutoka kwenye madigadi kwa kimo kilekile. Mwendo wa gurudumu la nyuma wa kupanda na kushuka ni mfupi, kwenye pikipiki hii mm 80 tu, na mzigo unaumaliza mapema. Kila kimoja kati ya hivi kinapunguza lita ambazo mnunuzi anadhani anazo. Ndiyo maana pikipiki hupimwa kabla begi halijachaguliwa.

Hesabu ya kilo

Tulianza na uzito, kwa sababu ndio unaofuta machaguo mengi kwa haraka zaidi. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani pikipiki, watu na mizigo kwa pamoja: kilo 410. Pikipiki ikiwa tayari kwa safari, tangi limejaa na oili iko ndani, ina kilo 228. Zinabaki 182. Hapa wengi hukosea kwa kuchukua uzito mkavu ulioandikwa kwenye matangazo. Petroli peke yake ina karibu kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 14 ni zaidi ya kilo 10 ambazo hazionekani kwenye hesabu hiyo.

Mwendeshaji akiwa na helmeti, jaketi na buti ana kilo 86. Abiria akiwa amevaa hivyohivyo ana 66. Jumla 152. Kwa hiyo wanapokuwa wawili, kilichobaki kwa mabegi, mabano, egemeo la abiria na kila kitu kitakachowekwa ndani ni kilo 30.

Sasa vifaa vyenyewe. Jozi ya mabegi magumu ya plastiki yenye kufuli ni kama kilo 10 yakiwa matupu. Mabano yake ni kilo 5. Egemeo la abiria pamoja na keria ni kilo 4. Hapo 19 zimeshaondoka na zimebaki 11 kwa mizigo ya watu wawili, ambayo ni kidogo mno. Jozi ya mabegi laini yenye ubao wa plastiki mgongoni ni kilo 6, fremu za kuyaegemeza ni kilo 2.5, na egemeo na keria ni zilezile 4. Jumla 12.5, zinabaki 17.5. Tofauti hiyo ya kilo 6.5 ndiyo iliyoamua kati ya begi gumu na begi laini. Mtu anayesafiri peke yake muda wote asingebanwa na hesabu hii hata kidogo, na kwake begi gumu lingekuwa na hoja nzito: linafungwa kwa ufunguo, halivujishi maji kirahisi na halilegei kadiri miaka inavyokwenda.

Boksi la lita 40 lilianguka kwa sababu nyingine. Keria ya pikipiki hii imeandikwa mwisho kilo 5, na boksi la ukubwa huo likiwa tupu mara nyingi lina kilo 3.5 hadi 4.5. Ukishalifunga, unaruhusiwa kuongeza koti la mvua na glavu, basi. Watu hulijaza kilo 8 kwa sababu nafasi ipo. Uzito huo uko juu, tena uko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo unafanya kama wenzo: nyuma inashuka, mbele inakuwa nyepesi, na kwenye mwendo kasi mkia unaanza kuyumba kushoto na kulia. Bano la keria nalo huchoka na kupasuka kwenye maungio, na ufa huanzia chini ya rangi ambako hauonekani.

Kupima kwa kadibodi

Upande wa kulia ndio unaoamua ukubwa wa begi. Kutoka juu ya bomba la juu la ekzosi hadi ukingo wa chini wa kiti kulikuwa na mm 340. Tunaacha mm 50 za hewa juu ya bomba na mm 20 za mikanda juu ya begi. Kimo kilichobaki ni mm 270. Begi la ngozi alilolitaka lilikuwa na kimo cha mm 330.

Kwa nini mm 50? Ekzosi imefungwa kwenye fremu na begi pia linabebwa na fremu, kwa hiyo gurudumu likipanda na kushuka umbali kati yao haubadiliki. Kinachobadilika ni begi lenyewe. Begi laini likijazwa hushuka mm 20 hadi 30, na hushuka zaidi baada ya mvua, hasa la ngozi. Halafu kuna suala la wakati gani joto linaumiza. Pikipiki ikitembea, upepo unalipeleka joto nyuma. Ikisimama kwenye foleni au ikizimwa baada ya mwendo mrefu, joto linapanda moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya begi. Mabegi mengi yaliyoyeyuka yaliyeyukia kwenye maegesho.

Mwisho wa bomba nao ni hatari yake. Hewa inayotoka hapo ni ya moto kuliko uso wa bomba, na kona ya chini ya begi ikipita nyuma ya mdomo wa bomba inaunguzwa hata kama umbali wa juu unatosha. Kwenye pikipiki hii mdomo uliishia mm 60 nyuma ya begi tulilolipima, kwa hiyo kona ilikuwa salama.

Kipimo chenyewe kilifanywa kwa boksi la kadibodi lililokatwa kwa vipimo vya begi: urefu mm 400, kimo mm 270, unene mm 150. Karatasi bapa haitoshi, kwa sababu unene ndio unaogusa miguu ya abiria. Boksi lilifungwa kwa gundi ya karatasi mahali begi litakapokaa, kisha abiria akakaa, akaweka miguu kwenye vikanyagio vyake na kurusharusha kiti kwa uzito wake. Tulikagua mambo manne. Je, kisigino cha abiria kina mm 80 angalau mbele ya begi? Je, sehemu ya juu ya shokapu inagusa mgongo wa boksi? Je, kinga ya cheni ikipanda inafika kwenye sakafu ya boksi la kushoto? Na ukisimama nyuma ya pikipiki, hatua kadhaa mbali, unaona indiketa zote mbili, taa ya breki na pleti namba yote?

Jibu la swali la mwisho lilikuwa hapana. Indiketa zilifichwa na boksi kabisa. Njia ni mbili: kutafuta begi fupi zaidi, au kuzihamishia indiketa kwenye bano la pleti namba. Tulizihamisha. Waya ziliongezwa kwa waya wa unene uleule, maungio yakafunikwa kwa mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, na taa zilezile zikarudishwa. Anayeamua kubadili kwenda taa za LED kwenye kazi hiyohiyo ajue kwamba zinatumia umeme kidogo, na flasha ya kawaida, kifaa kinachozipepesa indiketa, inaweza kudhani taa imeungua ikaanza kupepesa haraka. Itabidi abadili flasha au aongeze kizuizi cha umeme.

Mm 400 kwa 270 kwa 150 ni lita 16 na kidogo. Kwa mabegi mawili ni lita 32, badala ya 50 alizozitarajia. Kompyuta ya inchi 14 inaingia ikiwa imesimama, kwani nyingi zina urefu wa karibu mm 325 na kimo cha mm 225. Helmeti haiingii. Itafungwa kwenye ndoano ya pikipiki, na hakuna begi la pembeni la krusa ya ukubwa huu litakalobadili hilo.

Fremu ya kuegemeza si ya hiari

Begi la kutandazwa juu ya kiti linauzwa kana kwamba mkanda wa chini unatosha kulizuia. Hautoshi. Kwenye kona au barabara mbovu begi laini hubembea kuelekea ndani, na nyuma ya shokapu hakuna kitu kati yake na spoki. Likishikwa na gurudumu linavutwa kati ya tairi na chuma cha madigadi, na gurudumu linaweza kugoma kuzunguka katika mwendo wowote. Kosa hili ndilo tunaloliogopa kuliko mengine yote ya mizigo, na kinga yake ni bomba la chuma lililopindwa, la kilo moja na robo kila upande. Anayesema atanunua begi sasa na fremu mwezi ujao, tunamshauri ageuze mpangilio.

Fremu hukaa kwenye bolti mbili za kila upande zinazoshika chuma cha madigadi. Kwenye pikipiki hii ni bolti za M8, yaani za kipenyo cha mm 8, zenye urefu wa mm 30. Kipande cha kuisogeza fremu nje kina mm 12 na bano lenyewe lina mm 5, kwa hiyo hesabu inataka mm 47. Dukani zipo za 45 na 50. Tulichukua 45: nyuzi zinazoshika zinapungua mm 2, na zinabaki zaidi ya mm 12, ambazo kwa M8 kwenye chuma zinatosha. Bolti ya 50 ingechomoza ndani ya madigadi, na tairi likipanda hadi mwisho wa shokapu lingeifikia. Bolti ziwe za daraja la 8.8 au zaidi. Namba hiyo hugongwa kichwani. Za kawaida zisizo na alama zinapinda.

Fungua bolti moja kwa wakati mmoja. Vyuma hivi hubeba madigadi na sehemu ya uzito wa kiti. Ukifungua zote za upande mmoja kwa pamoja, matundu yanaachana na utahangaika kuyalinganisha tena. Safisha nyuzi, weka tone la gundi ya nyuzi za bolti ya nguvu ya kati, ile ya bluu, kaza kwa mkono zote nne, hakikisha fremu imelala sawa pande zote, ndipo umalizie kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama kitabu hakina namba yake, Nm (newton-mita) 20 hadi 25 ni kiasi cha kawaida kwa bolti hii. Rudi kuzikagua baada ya km 100, kwa sababu rangi iliyo chini ya bano hubonyea na bolti ikalegea kidogo hata kama ilikazwa vizuri.

Mkanda wa juu wa mabegi ulipita chini ya kiti cha abiria. Angalia usibane waya zinazokwenda kwenye taa ya nyuma. Mkanda ukivutwa miezi kadhaa juu ya waya, plastiki yake inakatika na fyuzi inaanza kuungua bila sababu inayoonekana. Chini ya mkanda tulibandika karatasi angavu ya kulinda rangi, maana vumbi likikaa hapo linasugua madigadi kama msasa. Mkanda wa chini ulifungwa kwenye fremu ya kuegemeza. Usiufunge kwenye mkono wa gurudumu la nyuma: mkono huo unapanda na kushuka, kwa hiyo mkanda utalegea na kukaza kila shimo hadi ukatike.

Ngozi, turubai au plastiki

Ngozi inapendeza kwenye krusa na ikitunzwa inadumu. Inataka kupakwa mafuta yake, ikilowa ikaushwe kivulini mbali na joto, na iwe na ubao wa plastiki ndani ya mgongo, la sivyo inaviringika kama gunia. Ngozi nyembamba isiyo na ubao ni hasara. Turubai nene na reksini ni nyepesi na hazidai matunzo mengi, ila reksini huyeyuka mapema zaidi karibu na ekzosi. Mwendeshaji huyu yuko barabarani kila siku, jua na mvua, kwa hiyo tulichagua turubai nene yenye ubao mgongoni na sakafuni, yenye klipu za haraka chini ya mikanda. Mikanda yenye bizimu za chuma, ya kufungua tundu kwa tundu, inachosha mtu anayefungua begi mara nne kwa siku, na matokeo yake ni begi linaloachwa wazi.

Chini ya begi la kulia iliwekwa sahani ya alumini ya mm 1.5, ikaachanishwa na begi kwa vipande vya mm 10 ili hewa ipite katikati. Kubandika karatasi ya fedha moja kwa moja kwenye sakafu ya begi kunasaidia kidogo sana, kwa sababu hakuna hewa na joto linapenya.

Maji hayaingilii juu kama watu wanavyodhani. Mengi hurushwa na tairi na kuingia kupitia mgongo wa begi, kwenye matundu ya bolti na mishono. Kifuniko cha mvua kinachovalishwa juu hakizuii hayo, na katika mwendo kasi hupeperuka. Dawa ni mfuko wa ndani usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu, na washa za mpira kwenye kila bolti inayotoboa begi. Kitundu kimoja cha mm 5 kwenye kona ya chini nacho kinafaa, ili maji yaliyoingia yatoke.

Safari ndefu

Lita 32 hazitoshi siku nne. Nyongeza ni begi laini la lita 30 lenye tundu la kuvalishwa kwenye egemeo la abiria. Mwendeshaji akiwa peke yake, begi hili linakaa juu ya kiti cha abiria na egemeo likiwa nyuma yake. Uzito unabebwa na kiti, mbele ya ekseli, na kilo 10 au 12 zinakaa vizuri. Akiwa na abiria, begi hilohilo linahamia nyuma ya egemeo, juu ya keria, na hapo kikomo ni kilo 5 pamoja na uzito wa begi. Mizigo ya wawili basi inagawanyika hivi: kilo 6 kila begi la pembeni, ambalo limeandikwa mwisho 7, na 5 kwenye keria. Jumla 17, ndani ya zile 17.5.

Begi la juu ya tangi tuliliacha. Tangi la krusa hii limepinda na lina mita katikati, sumaku haina pa kushika, na kila ukijaza mafuta ni lazima ulitoe. Begi la mgongoni kwa safari ya siku nzima linachosha mabega, na kitu kigumu ndani yake kinaumiza uti wa mgongo ukianguka.

Kufunga begi la kiti tumia mikanda bapa yenye klipu ya chuma, miwili angalau, inayoshika pointi nne za fremu. Mipira yenye ndoano iachwe. Inanyooka mzigo unaporuka, ndoano inachomoka, na ikikurudia wakati wa kufunga inaweza kukupofua.

Vizito vinakaa chini na mbele: spana, pampu, vifaa vya pancha, kufuli. Nguo juu. Tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi kilo 2, na mizani ndogo ya kuning'iniza masanduku inatosha kupimia. Kompyuta isikae sakafuni. Isimamishwe upande wa ndani ikiwa na sponji chini, kwa sababu mtetemo wa injini hii unapita kwenye fremu moja kwa moja.

Kisha shokapu. Za pikipiki hii zina hatua tano za kukaza springi. Peke yake bila mizigo anatumia ya pili, na wawili na mizigo wanahitaji ya nne, sawa pande zote mbili. Lengo ni kwamba watu wakikaa, nyuma ishuke kama theluthi ya mwendo wake, hapa karibu mm 27. Ikishuka zaidi, shokapu zinagonga mwisho kwenye shimo la kwanza, taa ya mbele inamulika macho ya wengine, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi: pikipiki inasimama wima mno, na upepo au mteremko mdogo unaiangusha upande wa kulia. Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi, kwa namba ya mzigo kamili iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye stika ya kinga ya cheni.

Majaribio yanaanza na mabegi matupu, kisha yaliyojaa, kwa mwendo wa chini kwanza. Mkia ukianza kuyumba, punguza mafuta taratibu na usikamate breki kwa nguvu. Baada ya hapo sababu hutafutwa kwa mpangilio huu: upepo wa tairi la nyuma, uzito uliopita keria, bolti iliyolegea.

Matumizi ya wiki za kwanza yalionyesha kasoro mbili. Kona ya chini ya begi la kulia ilianza kung'aa kwa joto, ingawa sahani ilikuwepo. Begi lilikuwa limebeba kilo 9, likashuka hadi umbali ukabaki mm 25. Kufuli zito lilihamishiwa kushoto, ndani ya mipaka ileile ya kilo, na mkanda wa juu ukakazwa tundu moja. La pili lilikuwa maji kwenye begi la kushoto, yaliyopita kwenye bolti moja ambayo washa yake ya mpira ilisahaulika. Na mwendeshaji ameshauliza kuhusu ekzosi nyingine, fupi zaidi. Mdomo wa bomba jipya utaishia chini ya begi, mm 90 kutoka kona ya nyuma, kwa hiyo hesabu ya kulia inabidi ianze upya: sahani iongezwe urefu hadi ipite kona hiyo, au begi lisogezwe mbele na kisigino cha abiria kipoteze nafasi yake.